Lita zimepanda kutoka mbili hadi nane: je, ndiyo safari?

Sista, salaam na pole na kazi.

Mimi ni baba wa miaka 57, mkazi wa Arusha. Ujana wangu niliumalizia Mererani. Nilikuwa mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa tanzanite, tangu miaka ya tisini, kabla migodi haijazungushiwa ukuta. Tulikuwa tunatoboa mwamba mkavu, bila maji, na kinga yetu ilikuwa fulana tuliyojifunga puani. Tukitoka shimoni tuko weusi mpaka kope, tunachekana. Jiwe la maana sikulipata. Nilichopata ni TB mara mbili, nikatibiwa nikapona, halafu nikaambiwa mapafu yamejaa makovu ya vumbi la mwamba. Wanaita silikosisi.

Mwaka jana nilitoka hospitali nikiwa na mashine ya oksijeni ya lita tano ambayo kijana wangu aliinunua kwa mkopo. Nilikuwa natumia lita mbili kwa dakika, nikazoea. Mwezi uliopita kliniki walinipima nimekaa, wakanitembeza koridoni, kisha daktari akasema sasa iwe lita nne nikiwa nimekaa na nane nikitembea. Mashine niliyonayo haitoshi, nitafute ya lita kumi. Aliyasema hayo huku anaandika, na mgonjwa mwingine ameshashika kitasa cha mlango. Sikuuliza kitu.

Sista, tangu siku ile sina amani. Nikihesabu kutoka mbili hadi nane naona kama natazama kalenda ya siku zangu. Jirani yangu anasema watu wote aliowajua waliowekewa gesi 2021, wakati wa korona, hawakurudi nyumbani, na kwamba mwili ukizoea oksijeni nyingi mapafu yanalala kabisa. Umeme nao unanimaliza. Nakuambia ukweli ambao mke wangu haujui: mchana akienda sokoni napunguza hadi lita moja na nusu ili LUKU isiishe, na ili mapafu yafanye mazoezi. Usiku umeme ukicheza kidogo tu nashtuka, navaa kile kipimo cha kidole, nakitazama mpaka alfajiri.

Jumuiya nimeacha kwenda, naona aibu na mpira huu wa oksijeni usoni. Mke wangu amehamia chumba cha watoto, anasema mashine inapiga kelele. Kaka yangu anataka tuuze kiwanja cha Usa River twende India wakanibadilishie mapafu. Binti yangu yuko Tanga, anasema nihamie kwake, huko hewa ni nzito. Nifanye nini?

Mwanaapolo wa zamani, Arusha


Kaka yangu, pole sana.

Nianze na ile siri ya mchana, maana hiyo haiwezi kungoja hata jioni. Acha kupunguza lita. Mapafu hayafanyi mazoezi kwa kunyimwa oksijeni. Kinachofanyishwa kazi ni moyo, hasa upande wa kulia, unaolazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kwenye mapafu yenye makovu. Ukiushindisha hivyo miezi kadhaa miguu inaanza kuvimba, na hapo tatizo moja limekuwa mawili. Na mwili hauizoei oksijeni kama unavyozoea sigara au pombe. Hewa tunayovuta sote, mimi na wewe na huyo jirani, ina oksijeni asilimia 21, na hakuna aliyewahi kuambiwa ameizoea kupita kiasi. Wewe unaongezewa kwa sababu sehemu ya mapafu yako haipitishi tena.

Jirani yako simlaumu, 2021 wengi tulizika. Ila walioletwa wodini wakati ule walifika mapafu yameshajaa, oksijeni ikawa kitu cha mwisho ambacho ndugu walikiona, basi ikabeba lawama. Wagonjwa wa mapafu sugu ni habari nyingine. Majaribio makubwa mawili, moja la Marekani lililochapishwa 1980 na jingine la Uingereza la 1981, yaliwafuatilia watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu wa kuziba njia za hewa ambao oksijeni yao ilikuwa chini sana. Waliokaa kwenye oksijeni saa nyingi kwa siku waliishi muda mrefu kuliko wenzao waliotumia saa chache au waliokosa kabisa. Ugonjwa wao haukuwa huu wako wa vumbi, kwa hiyo siwezi kukuwekea hesabu yao mezani ukadhani ni yako. Nakuonyesha tu kwamba gesi haiwamalizi watu.

Sasa hizo lita nane. Nadhani zimekutisha kuliko zinavyostahili, kwa sababu hakuna aliyekueleza kwa nini zipo mbili, nne ya kukaa na nane ya kutembea. Ukikaa, damu inapita mapafuni taratibu, inapata nafasi ya kubeba oksijeni hata palipo na kovu. Ukiinuka, moyo unaenda mbio na damu nayo inakimbia, inapita kwenye kovu bila kupata muda wa kubeba. Ndiyo maana nesi alikutembeza koridoni. Nane ni lita za kwenda msalani, kuoga, kutoka hadi kibarazani. Ukishakaa na kipimo kikarudi kwenye lengo lako, unashusha hadi nne. Watu wengi hufanya kinyume: wakiwa kitini wanaweka nyingi, wakienda kuoga wanavua mpira kabisa, halafu wanaanguka bafuni. Oga umekaa kwenye kigoda, mpira ukiwa puani, taulo karibu.

Siwezi kukuambia kwamba kupanda kwa lita si kitu. Silikosisi huweza kuendelea hata kama mtu ameacha kuchimba zamani, na makovu hayafutiki. Lakini kutoka mbili hadi nne ukiwa umekaa, tena ndani ya muda mfupi, kunahitaji maelezo, na si kila maelezo ni kovu. Vumbi la mwamba humfanya mtu kuwa rahisi zaidi kupata TB, hata aliyewahi kupona, na wewe umeshaugua mara mbili. Makohozi yako yamepimwa safari hii? Picha ya kifua imerudiwa, maana mapafu yenye makovu huweza kupasuka kidogo hewa ikajikusanya pembeni? Moyo umepigwa ultrasaundi? Kuna damu iliyoganda mguuni? Haya yana matibabu, na yakitibiwa lita huweza kushuka tena. Nenda na maswali haya yameandikwa kwenye karatasi, na nenda na mtu. Ukiweza, omba rufaa Kibong'oto pale Siha. Wale wamezoea wachimbaji na TB kwa pamoja, na kwako si mbali.

Uliza pia lengo lako la kipimo cha kidole. Kwa wengine daktari hutaka 92 na kuendelea. Kwa wengine, hasa ambao mapafu yao yanabakisha hewa chafu, hutaka 88 hadi 92 na si zaidi, kwa sababu oksijeni ikizidi wanaamka na kichwa kizito, wanasinzia mchana, wanachanganyikiwa. Kwa hiyo kama usivyopunguza mwenyewe, usiongeze mwenyewe ukavuka ulichoandikiwa.

Na hicho kipimo, kaka, kimegeuka adui. Kinadanganya vidole vikiwa vya baridi, na asubuhi za Juni na Julai Arusha unazijua. Kinaweza pia kusoma juu kidogo ya ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, jambo ambalo limethibitishwa, kwa hiyo ukiwa mpakani mwa lengo mwambie daktari apime damu ya mshipa wa ateri angalau mara moja alinganishe. Kukitazama usiku kucha hakukuongezei kitu. Pima ukiamka, pima baada ya kutembea, pima kabla ya kulala, andika kwenye daftari, kisha mpe mke wako akiweke kabatini. Kati ya hapo pima tu kama unajisikia tofauti kweli.

Maana kuna kukosa pumzi kwa aina mbili, na ukijua kuzitenganisha utalala. Kuna pale oksijeni imeshuka, na kuna pale kipimo kiko sawa lakini kifua kinabana, moyo unadunda, unahisi ukuta unakusogelea. Hii ya pili ni hofu na misuli iliyochoka, inatesa vilevile, na lita za ziada haziigusi. Kaa, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, mabega yaachie. Vuta pumzi kwa pua, halafu itoe polepole kwa midomo uliyoibana kama unapoza uji kwenye kijiko. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Weka feni ndogo ipulize usoni, kwenye mashavu na pua. Inasikika kama mzaha, lakini upepo wa usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa. Jifunze haya mchana ukiwa mzima, usisubiri usiku wa manane.

Ikiwa umepumzika kama dakika kumi na lita ulizoandikiwa na bado kipimo kiko chini ya lengo, au midomo imebadilika rangi, au unaongea mambo yasiyoeleweka, au kuna homa, damu kwenye makohozi, maumivu ya ghafla upande mmoja wa kifua, hapo ni hospitali, si kesho.

Tuje kwenye mashine na umeme, kwa sababu naamini nusu ya hofu yako imekaa hapo, na hii nusu inahesabika.

Mashine ya lita tano ukiilazimisha kupita tano haitoi oksijeni zaidi, inatoa hewa iliyopungua ubora. Kwa hiyo daktari yuko sahihi. Njia ni mbili. Ununue au ukodi ya lita kumi, au upate ya pili ya lita tano na fundi wa vifaa tiba aziunganishe kwa kiungio cha mdomo mmoja, kila moja ikitoa nne. Njia hii ya pili ina faida kwamba mashine moja ikiharibika hutabaki mikono mitupu. Jihadhari na vile vimashine vidogo vya begani vinavyotangazwa mitandaoni. Namba tano ya kwenye kioo chake si lita tano. Vingi vinatoa kidogo kidogo kila unapovuta pumzi, na kwa mtu wa lita nane ya kutembea havitoshi. Nimeona familia imemaliza akiba kwa kimoja cha namna hiyo. Kabla hujalipa, kivae, tembea nacho, pima kidole. Muuzaji akikataa, ondoka.

Mashine ya lita kumi hula kama wati 600. Ikiwaka mchana na usiku ni uniti 14 na kidogo kwa siku, na kwa bei ya kawaida ya shilingi 350 na kitu kwa uniti, mwezi unapita laki moja na nusu. Kama ulikuwa kwenye ile bei nafuu ya watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi utazimaliza ndani ya siku tano au sita, kwa hiyo usiipigie hesabu. Ni fedha nyingi, sitaki kuzipunguza kwa maneno. Ila sasa ni namba, na namba inawekwa mezani mbele ya watoto na kaka yako, kila mtu achukue kipande. Huyo kaka aliye tayari kuuza kiwanja hawezi kushindwa kununua umeme wa wiki moja kila mwezi. Hospitali nayo ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kaulize kuhusu msamaha wa vipimo na kukodishiwa mitungi, usiwaachie wengine kwa kuona haya.

Umeme ukikatika, betri usizitegemee sana. Betri moja ya gari kubwa, ile ya ampea-saa 200, ukiitumia bila kuiua inaendesha mashine hiyo kama saa mbili. Kinga yako ni mtungi mkubwa wa oksijeni pembeni ya kitanda, wenye regulata iliyofungwa tayari. Hesabu yake ni nyepesi: lita zilizomo, gawa kwa lita unazotumia kwa dakika, gawa kwa 60, unapata saa. Mtungi wa lita 6,800 kwa lita nne unakupa saa 28, kwa nane saa 14. Ukatike usiku mzima, wewe umelala. Mtungi usimame umefungwa kwa mnyororo ukutani. Mwonyeshe mke wako na mtoto mmoja namna ya kuufungua, wafanye mazoezi mchana, taa zikiwa zinawaka. Na nendeni ofisi ya TANESCO ya wilaya na barua ya daktari, muwaeleze kuna mgonjwa wa mashine, muombe kupewa taarifa za matengenezo mapema. Jenereta ukipata, likae nje kabisa, mbali na dirisha. Moshi wake unaua.

Moto ndio unaoniogopesha kuliko lita. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inakifanya chochote kinachowaka kiwake kwa ghadhabu, na inabaki kwenye blanketi na nguo. Jiko la mkaa, la gesi, koroboi, sigara ya mgeni, ubani, vyote vikae zaidi ya mita tatu kutoka kwako, na kama jiko limo chumba hichohicho, lihamishwe leo. Giza likiingia tumieni tochi. Pua ikikauka usipake mafuta ya mgando, hayo yanashika moto. Tafuta jeli ya maji duka la dawa, na weka kile kichupa cha maji cha kulainisha hewa, maji yaliyochemshwa yakapoa, ubadilishe kila siku. Sponji ya nyuma ya mashine ioshwe kila wiki, kwa vumbi la Arusha hata mara mbili.

Kuhusu Tanga, binti yako ana hoja. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi, msukumo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Ukishuka, kila pumzi inakuja na oksijeni zaidi kidogo, na wapo wanaoshusha lita wakifika. Hakutibu kovu, na joto la Tanga lenye unyevu linaweza kukuchosha. Ningekushauri uende kwa majaribio, majuma machache, daktari akijua, gari binafsi lenye mtungi uliofungwa vizuri na madirisha wazi, si basi. Nenda na mke wako. Usihamishwe kama mzigo ukatengwa na mtu aliyekulea miaka yote hii.

Naye huyo mke, umemuuliza? Mashine inanguruma kweli, lakini nina shaka kama ni kelele peke yake. Wanawake wengi niliokaa nao wodini walihama kitanda kwa kuogopa kulalia mpira, au kuamka na kukuta mume hapumui, au kwa kudhani mwanamume mgonjwa hataki tena kuguswa. Sogeza mashine ukumbini, mpira wa mita kumi au kumi na tano unafika, ubandikwe ukutani usimwangushe mtu. Kisha mwambie arudi. Unyumba haujakatazwa. Mpira ubaki puani, lita ziwe zile za kutembea, na anayechoka haraka asiwe mwenye kazi kubwa. Mwambie pia ile siri ya mchana. Atakasirika, mwache akasirike.

Jumuiya ije kwako. Waeleze mshumaa usiwashwe chumba ulichomo, na kama wapo watoto watauliza kuhusu mpira, wajibu. Aibu huisha ukishajibu mara mbili tatu.

Kuna huduma moja watu wanaikimbia kwa jina lake, huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Hapo Arusha hospitali ya Selian wamekuwa nayo kwa muda mrefu. Si ya watu waliokatiwa tamaa. Wanajua kutuliza kukosa pumzi, wakati mwingine kwa kiasi kidogo cha mofini ya maji, kinachopimwa na daktari. Nao wana muda wa kukaa na kujibu lile swali ulilolileta kwangu, la siku zako, wakiwa na picha zako mkononi. Mimi siwezi kulijibu, na yule daktari wako hawezi kulijibu akiwa na mtu mlangoni. Omba miadi ya mazungumzo peke yake.

Kiwanja cha Usa River kisiuzwe kwanza. Kupandikiza mapafu kupo duniani, lakini India viungo vya marehemu hupewa raia wao kwanza, mgonjwa mgeni anaweza kukaa hotelini miezi akisubiri, na baada ya upasuaji kuna dawa za kumeza kila siku maisha yote na kliniki za mara kwa mara ambazo huwezi kuzifuata kutoka hapa kwa urahisi. Kaka yako apate kwanza barua ya daktari bingwa wa kifua inayosema kama unafaa kwa upasuaji huo au hufai. Akishaipata, kaeni na watoto mliongelee. Kabla ya hapo, hati ya kiwanja akabidhiwe mke wako.